Mtoto Asiyesumbua Mtu

Kwetu Ludara, mtoto akisifiwa mbele ya wageni, sifa ilikuwa moja tu: hasumbui mtu. Haikuwa kwamba ana akili, wala kwamba ana mbio au sauti nzuri ya kuimba. Mama yangu alikuwa na watoto wawili, wote wa kike, na sifa hiyo aliipata kwa mmoja, na huyo mmoja hakuwa mimi. Mimi nilikuwa na mdomo. Mdogo wangu, niliyemzidi miaka minane, ndiye aliyetolewa mfano kila nyumba, na nakiri mapema kwamba nilikuwa na mkono katika kumfanya awe hivyo.

Baba alikuwa koplo. Mwaka wa sabini na tisa, jeshi lao liliposhindwa vita, alirudi nyumbani bila sare, amevaa viatu vya mtu mwingine, akatuambia tusifungashe vitu vingi. Wengi wa Koboko waliokuwa na mtu jeshini waliondoka hivyo, na wengi wasiokuwa na mtu jeshini wakaondoka vilevile, kwa sababu askari waliokuja nyuma hawakuwa na muda wa kuuliza nani ni nani. Hatukuvuka mpaka mara moja. Tulikaa wiki nyingi kwenye nyasi ndefu karibu na Zaire, tukirudi shambani kuchimba muhogo, tukikimbia tena.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mdogo wangu mitatu. Kazi yangu ilikuwa kumbeba na kumnyamazisha. Nilikuwa nimemwona jirani yetu akimziba mwanawe mdomo kwa kitambaa mpaka macho ya mtoto yakageuka, na niliogopa kufanya hivyo, basi nikabuni mchezo. Niliuita jiwe. Ukiwa jiwe husemi, hulii, hukohoi, hata siafu wakikupanda. Unabaki jiwe mpaka mimi nikuguse mgongo mara mbili na kusema "basi". Wewe mwenyewe huruhusiwi kusema basi. Kipande cha kwanza cha muhogo wa kuchoma kilikuwa cha jiwe bora, na kwa kuwa mshindani alikuwa yeye peke yake, alishinda kila siku.

Siku moja askari walipita karibu nasi kiasi cha kuwasikia wakigombania sigara. Mtoto wa miaka mitatu hakujikuna hata mguu. Walipokwenda zao mama alimpakata akasema, "Huyu mutoto iko na akili ya mutu mukubwa." Kwetu Kiswahili hicho cha kambini kilikuwa lugha ya nyumbani, kwa ajili ya baba. Nilijiona mwalimu wa maana sana.

Inatosha kuhusu nyasi. Kuna watu wanaoweza kuzungumzia nyasi kutwa nzima, na mimi si mmoja wao.

Huko Zaire tulilima mashamba ya wenyewe. Baba akaugua kifua, tukamzika kwenye ardhi ya kuazima. Tuliporudi Ludara, katikati ya miaka ya themanini, nyumba yetu ilikuwa imebaki duara la udongo na mpapai umeota katikati. Mama aliukata mpapai akajenga palepale. Mimi nikaenda Arua kufunzwa uuguzi wa ngazi ya chini kabisa, ule wa kufua bandeji na kushika miguu ya watu wakishonwa, nikabaki huko. Mdogo wangu akabaki na mama, akaanza darasa la kwanza akiwa mrefu kuliko wenzake wote.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini alikuja hospitalini Arua tabibu wa magonjwa ya akili. Alikuwa mtu mfupi, amezaliwa kambi ya jeshi Jinja, kwa hiyo Kiswahili chake kilifanana na chetu. Alikuwa na mazoea ya kutafuna karanga huku akisikiliza wagonjwa, na mwanzoni niliona ni utovu wa heshima. Baadaye niligundua kwamba wagonjwa walizungumza zaidi wakimwona anakula. Alipewa chumba kimoja, benchi moja, na mimi. Sikupelekwa kwake kwa kipaji. Nilijua Kikakwa na Kilugbara, na hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Wenzangu walinitania kwamba nitarudi wodini nikiongea na ndoo.

Wagonjwa wa wakati ule waliletwa na kamba mikononi. Kijana mmoja alikuwa ameishi na mguu ndani ya gogo lililotobolewa, tangu mvua ambayo hata baba yake hakuikumbuka vizuri. Kwa kila mmoja tabibu aliuliza swali lile lile: "Ilianza lini?" Ndugu wangesema juzi, alipochoma ghala la mtama. "Na mbele ya hapo?" Alipopiga watu sokoni. "Na mbele ya hapo?" Walirudi nyuma hatua kwa hatua, wakisitasita, mpaka mgonjwa anakuwa na miaka kumi na minne au kumi na mitano, ameacha kucheza mpira, anakula peke yake nyuma ya nyumba. Hapo tabibu aligonga meza kwa kidole.

"Hapo," alisema. "Hapo ndiyo ilitakiwa kuleta yeye."

Alilisema hilo mara nyingi mno, hata nikawa namtangulia kulisema. Lakini yeye hakuridhika kulisema tu. Alipanda Arua Hill kwenye ofisi za serikali kuomba gari, akashuka na barua, akapanda tena na barua nyingine, na mwishowe tukapewa pikapu siku moja kwa wiki. Wiki hii Ajia, wiki ijayo Ludara siku ya soko. Ludara tuliweka meza ndani ya ghala la tumbaku, tukirudi Arua nguo zinanuka kama mzee mvutaji. Watu walikuja kuuza simsim, wakapitia kwetu kuchukua vidonge vya kifafa.

Ila walioletwa walikuwa bado ni wa kamba. Tabibu aliwataka wale wa hatua ya kwanza, wale wa nyuma ya nyumba. Kwa hiyo tukaenda shule. Huko Ajia aliwaomba walimu waandike majina ya watoto wenye matatizo, na walimu wakaandika kwa moyo wote. Tulipewa wavuta sigara, wapiga miluzi, na mmoja aliyetia chura kwenye mkoba wa mwalimu mkuu. Tuliwahoji mmoja mmoja kutwa nzima. Wote walikuwa wazima, isipokuwa yule wa chura, ambaye alikuwa na minyoo.

Tukirudi, tabibu hakutafuna karanga mpaka tulipokaribia mjini. Kisha akasema, "Sisi ndiyo iko uliza mbaya."

Mara ya pili aliuliza namna nyingine. Mwalimu afunge rejista. Kwa kichwa tu, aandike majina ya watoto wote wa darasa lake. Akimaliza, afungue rejista aone amewasahau akina nani. Hao aliowasahau ndio atuletee. Walimu hawakuipenda kazi hiyo, maana hakuna anayefurahi kuonyeshwa alivyosahau, lakini waliifanya. Kati ya waliosahauliwa Ajia kulikuwa na msichana ambaye tangu mama yake afe alikuwa akigawa chakula chake chote, na mvulana ambaye akili ilimzimika kwa kitambo kidogo kila saa, kifafa kisichoangusha mtu, na watu wakadhani ni mzembe. Baadaye wote wawili walipona kiasi cha kuanza kuchapwa viboko kwa kupiga kelele darasani. Tabibu aliyahesabu hayo maendeleo.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya Ludara, shule ya kwetu. Mwalimu wa darasa la saba alikuja ghalani na rejista kwapani. Nilimfahamu tangu Zaire. Aliketi mbele yetu, akalamba penseli, akaandika majina mengi kwa haraka, akajipongeza. Alipofungua rejista, alikuwa amesahau mawili. La kwanza lilikuwa la mtoto aliyehamia Koboko. La pili lilikuwa la mdogo wangu.

Mwalimu alicheka. "Ah! Huyu hapana hesabu. Mimi nasahau yeye kwa sababu hapana sumbua mutu."

Nami nikacheka. Nilichukua penseli mkononi mwake nikalifuta jina.

Tabibu aliuliza, "Kwa nini nafuta?"

"Huyu ni dada yangu, daktari. Yeye iko vile tangu mudogo."

"Ilianza lini?"

Nilikuwa nimelisikia swali hilo kwa kila mgonjwa aliyepita kwetu, na nililitafsiri kwa lugha tatu. Halikuwa limewahi kuelekezwa kwangu. Nilisema ni tabia yake tu. Akauliza anacheza na nani. Sikujua. Anakula wapi? Sikujua. Akauliza mara ya mwisho nilisikia lini sauti yake, na hapo nikaanza kutafuta kichwani. Kila mwezi nilimpelekea sabuni na sukari. Alipokea kwa mikono miwili, amepiga magoti, macho chini, kisha akaondoka. Nilikuwa nikiita hiyo adabu, na niliwasimulia wenzangu Arua kwa majivuno. Sauti sikuikumbuka.

Tabibu aliliandika tena jina juu ya pale nilipofuta. "Leo wewe hapana nurse," aliniambia. "Kwenda nyumbani."

Nyumbani nilimkuta mama anapepeta simsim uani, uso umemchangamka. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, alikuwa amepata posa. Watu wa Koboko, wafanyabiashara, wacha Mungu, wangekuja Jumapili kumwona binti. Walikuwa wamemwona kisimani wakampenda kwa utulivu wake. Mama alilirudia neno utulivu mara tatu, akinitazama mimi niliyekuwa nimefika miaka ishirini na mitatu bila mtu kunitazama kisimani.

Mdogo wangu alikuwa jikoni. Nilisimama mlangoni nikaangalia, na kwa mara ya kwanza niliiangalia nyumba yetu kama ninavyoangalia nyumba za wengine. Vifuniko vya sufuria vilikuwa vimefungwa vitambaa ukingoni. Kinu kilikuwa kimewekwa juu ya gunia lililokunjwa. Mbuzi wa mama alikuwa na kengele shingoni, na kengele imejazwa nyasi ikakazwa kabisa isilie.

Mama alisema, "Yeye ndiyo nafanya. Naona kichwa yangu nauma, anapunguza kelele. Mutoto gani iko na huruma namna hii?"

Niliketi sakafuni karibu na mdogo wangu. Nilimuuliza habari za shule, za posa, za mbuzi. Alitabasamu bila kujibu. Basi nikamuuliza kikazi, kama ningemuuliza mgeni. "Iko watu wewe nasikia, na sisi hapana sikia?"

Aligeuza uso kuelekea mlango wa nyuma, palipokuwa na shamba, akasogea mpaka mdomo wake ukafika sikioni mwangu.

"Sema polepole," alinong'ona. "Iko kwa majani."

"Nani?"

"Askari. Mama napiga kelele sana na sufuria."

Nilimuuliza tangu lini. Alisema tangu mvua ya mwaka uliopita. Walianza kwa kutembea tu, sasa wanataja majina yetu. Nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa ya kikazi tena, kwa nini muda wote huo hakuniambia hata mimi. Alinishangaa.

"Wewe hapana sema basi," alijibu.

Nilimgusa mgongo mara mbili nikasema basi. Nikarudia. Nikasema kwa Kikakwa pia, kama mjinga. Ningependa kuandika kwamba aliamka. Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemvumilia mtoto asiyejua sheria za mchezo, akaendelea kusikiliza shamba. Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo, na niliona aibu ambayo hata sasa, nikiandika, inanifanya niinuke kitini.

Nilipomwambia mama kwamba mtoto ni mgonjwa, aliweka ungo chini.

"Mutoto yangu hapana mgonjwa. Iko na adabu. Nani aliona kichaa ya kunyamaza?"

"Mama, ndiyo vile inaanza."

"Wewe nataka haribia yeye ndoa, kwa sababu yako hapana kuja."

Hilo liliniuma, na lilikusudiwa kuniuma. Baba mdogo aliitwa. Yeye hakunikasirikia. Alizungumza taratibu, na hoja yake ilikuwa nzito kuliko ya mama. Jina likiingia kwenye kitabu cha wendawazimu, alisema, halitoki. Hata akipona kesho, nani atamwoa? Nilimjibu kwamba akiolewa hivi alivyo, atapelekwa kwenye nyumba ya watu wasiomjua, yenye watoto na sufuria na redio, na siku askari wa kwenye majani watakapoingia ndani, watu hao watamrudisha kwetu na kamba mikononi, naye atakuwa na mtoto tumboni. Nilikuwa nimewaona wa namna hiyo. Baba mdogo alisema Mungu apishe mbali, na posa ikabaki Jumapili.

Mama hakushawishika kwa maneno yangu. Alishawishika kwa hasira yake mwenyewe. Alimwendea mbuzi, akamvua kengele, akaichomoa ile nyasi, akaitikisa kengele mbele ya uso wangu. "Ona! Ni kengele tu! Iko nini hapa?"

Mdogo wangu alitoka jikoni mbio. Alimvamia mama kiunoni akamwangusha chini, akamlalia juu, mkono mmoja umeishika kengele na mwingine umefunika mdomo wa mama. Hakutoa sauti yoyote. Simsim ilimwagika yote. Alibaki hivyo, macho kwenye shamba, akimkinga mama kwa mwili wake, na mama, chini yake, aliacha kujitutumua. Nadhani alikumbuka ni wapi alikuwa amelala hivyo kabla. Baba mdogo alisimama na fimbo yake bila kujua aishike vipi.

Alipoachiliwa, mama alijipangusa majani nguoni kwa muda mrefu. "Alhamisi ijayo dakitari iko kuja?" aliuliza.

"Hapana. Ijayo ni Ajia. Lakini mimi napeleka yeye Arua kesho."

Alikubali kwa sharti kwamba shehe naye atamwandikia kombe, anywe maji ya aya. Tabibu alisema kombe halina ubaya mradi lisichukue nafasi ya vidonge. Wale wa Koboko walikuja Jumapili. Mama mwenyewe ndiye aliyewaambia kwamba binti yuko hospitali, na kwa nini. Walikunywa chai, wakamwombea dua, wakasema watarudi, na hawakurudi. Baba mdogo hakuzungumza nami mpaka mavuno.

Nilimwuliza tabibu kama ni mimi niliyemtia mdogo wangu ugonjwa, kwa ule mchezo. Alitafuna kwanza. Alisema hapana, ugonjwa huu huwapata hata watoto ambao hawajawahi kukimbia popote. Mchezo ulifanya kazi yake huko kwenye nyasi. Baadaye uliuficha ugonjwa tu, na sisi sote tulisaidia kuuficha kwa kuusifu ule ukimya. "Lakini ni mwaka moja tu," alisema. "Wengine ni saba. Wewe iko leta yeye mapema." Sikuona kwamba nilikuwa nimemleta. Nilikuwa nimelifuta jina lake.

Vidonge vya klopromazini, dawa ya kutuliza akili, havikuwa na huruma. Mwezi wa kwanza alilala kutwa, mate yakamtoka, mikono ikakakamaa hata hakuweza kufunga kitenge. Mama alisema tumemwua. Tabibu alipunguza dozi, akaongeza kidonge cha kulegeza misuli, akapunguza tena. Kila siku ya Ludara alimketisha kwenye benchi la ghala la tumbaku, hata kama hana la kusema, akimpa karanga. Wiki kadhaa alizishika mkononi tu. Baadaye akaanza kuzila.

Kazi ilipanuka. Swali la rejista lilifika shule za Koboko mjini, na zile zilizopokea watoto waliokimbia vita Sudan, ambako mwalimu mmoja alisahau nusu ya darasa, kwa sababu nusu ya darasa ilikuwa imejifunza kukaa kimya kama sisi. Hao sikucheka tena walipotajwa. Penseli nilimwachia mwalimu mwenyewe.

Mwaka ukapita. Siku moja ya soko nilimwona mama kwenye foleni peke yake, ameketi kati ya wagonjwa, mtandio umekazwa kichwani kama mtu aliyekuja kwenye kesi. Alikataa kupitishwa mbele. Zamu yake ilipofika alikaa, akamwamkia tabibu, akaniruka mimi.

"Dakitari, dawa yenu naharibu mutoto yangu."

"Iko nini, mama?"

"Ile nyasi ya kengele ya mbuzi, ametoa yote. Mbuzi nalia usiku na muchana. Haya, mimi nanyamaza. Jana namwambia, lete maji. Anasema, nenda mwenyewe, mimi nachoka."

Tabibu aliacha kutafuna. "Alisema kwa sauti?"

"Kwa sauti! Majirani yote nasikia! Mutoto hapana kunijibu tangu azaliwe, leo anapiga kelele kwa mama yake!"

Niliinama juu ya kadi. Ilibidi niandike polepole kwa sababu mstari ulikuwa haukai sawa mbele ya macho yangu. Mama aliuliza ninaandika nini, kama nimeandika kwamba mtoto wake amekosa adabu. Nikamsomea: "Anabishana na mama yake. Dawa iendelee."

Mama alitazama ile kadi, ingawa hakujua kusoma. Akarekebisha mtandio. Kisha akaniambia nimsomee tena.